Bia ya Moshi: Ladha Ipi Ndiyo ya Kweli?

Bia ya moshi ni bia inayopikwa kwa kimea cha shayiri, na mara chache cha ngano, kilichokaushwa juu ya moto wa kuni bila kukingwa na moshi wake. Makao yake makuu ni Bamberg, mji wa kale kaskazini mwa Bavaria, Ujerumani, ambako viwanda viwili vidogo, Schlenkerla na Spezial, vingali vinakausha kimea chao vyenyewe kwa namna hiyo. Nyumba ya Schlenkerla inatajwa katika hati za mwaka 1405, na Spezial ilianza mwaka 1536. Anayeionja bia hiyo kwa mara ya kwanza hukutana na kitu kimoja tu, moshi. Humjia nyama ya nguruwe iliyobanikwa, jiko la kuni, pengine hata dawa ya kusafishia vidonda, na wengi huisukuma glasi kando. Anayeendelea, kwa kawaida kabla ya kuimaliza glasi ya tatu, hueleza kwamba moshi umerudi nyuma na mambo mengine yamejitokeza: utamu wa kimea, uchungu wa hopsi, ukavu unaobaki kooni. Wenyeji wa Bamberg wanalijua hilo, nao huwaonya wageni wasiihukumu bia yao kwa mkupuo wa kwanza.

Onyo hilo lina swali zito ndani yake. Glasi ya kwanza na ya tatu zimejazwa kutoka pipa moja. Ikiwa ladha ni sifa iliyomo ndani ya kinywaji, basi mmoja kati ya waonjaji hao wawili, yule wa mwanzo au yule wa baadaye, amekosea, ingawa wote wawili ni mtu yuleyule katika jioni moja. Ikiwa ladha ni hisia ya anayekunywa tu, hakuna aliyekosea, na wenyeji hawana haki ya kumwonya mtu yeyote. Majibu yote mawili yana kasoro, na ili kuiona inabidi kuanzia kwenye tanuri.

Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha uchipuaji husimamishwa kwa joto. Katika viwanda vingi vya leo joto hilo ni hewa safi iliyopashwa kando. Katika tanuri la Bamberg hewa hupanda moja kwa moja kutoka kwenye moto wa kuni za buche, mti mgumu wa misitu ya Ulaya. Kwa bia yake kali ya Krismasi, Schlenkerla hutumia kuni za mwaloni, na moshi wake huwa laini zaidi. Ubao una lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake. Moto unapoivunja hutoa fenoli, hasa gwayakoli na siringoli, ambazo hunata kwenye maganda ya nafaka ingali na unyevu. Miti migumu hutoa zote mbili. Misonobari hutoa gwayakoli bila siringoli ya kutosha, tena ina utomvu unaoleta ukali usiofaa, na kwa sababu hiyo haitumiki.

Fenoli hizo haziujii ulimi kama moshi. Ulimi hutambua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Moshi hutambuliwa na pua, kwa hewa inayopanda kutoka kooni baada ya kumeza. Anayebana pua anapoinywa bia ya Schlenkerla hupata bia ya kahawia yenye utamu wa wastani na uchungu kidogo, basi. Kinachoitwa ladha ya moshi ni harufu inayohisiwa kana kwamba iko mdomoni. Wasomaji wa pwani wanaijua jamaa ya harufu hiyo bila kwenda Ulaya: eujenoli, inayoipa karafuu ya Pemba na Unguja harufu yake, ni gwayakoli iliyoongezewa mkia mfupi wa kaboni tatu.

Zamani moshi haukuwa upekee wa mji wowote. Popote kimea kilipokaushwa juu ya kuni, bia ilikuwa na moshi, kidogo au mwingi. Lakini haina maana kwamba watu wa wakati huo hawakuutambua. William Harrison, aliyeieleza Uingereza katika kitabu kilichotoka mwaka 1577, alikisifu kimea kilichokaushwa kwa majani makavu na kukilaumu kilichokaushwa kwa kuni, kwa kuwa moshi wake uliwasumbua wanywaji vichwa. Aliweza kulalamika kwa sababu alikuwa na kitu cha kulinganishia. Mwaka 1635 Nicholas Halse alipewa hataza nchini humo kwa tanuri la kukausha kimea bila moshi, na katika karne hiyohiyo makaa ya mawe yaliyookwa kwanza ili kuondolewa gesi zake yakaanza kutumika. Kufikia mwisho wa karne ya 19 matanuri ya hewa safi yalikuwa yameenea, na moshi, uliokuwa jambo la kila siku, ukawa jambo la kushangaza. Ulibaki pembezoni: Bamberg, kisiwa cha Gotland, Uswidi, mashamba ya Stjørdal, Norwei, ambako wakulima wangali wanakausha kimea kwa kuni za alda, na Grodzisk Wielkopolski, Poland, mji wa bia nyepesi ya ngano iliyofukizwa kwa mwaloni, iliyoacha kupikwa mwaka 1993 na kufufuliwa miaka mingi baadaye. Huko Juneau, Alaska, kiwanda kimoja kilianza mwaka 1988 kupika bia nyeusi kwa kimea kilichofukizwa kwa kuni za alda katika banda la kukaushia samaki aina ya samoni.

Historia hiyo tayari inaonyesha kwamba kuonja si kupokea tu kinachoingia mdomoni. Mwaka 1970 mwanafalsafa wa Marekani Kendall Walton alichapisha makala kuhusu makundi ya kazi za sanaa. Alidai kwamba sifa za kazi huonekana kulingana na kundi ambamo mtazamaji ameiweka. Zipo sifa ambazo kila kitu cha kundi hilo kinazo, nazo hazigutushi. Zipo zinazobadilika kati ya kitu na kitu, nazo ndizo zinazobeba maana. Na zipo zinazokwenda kinyume na kundi, nazo hushtua. Alikuwa akizungumzia picha na muziki, lakini hoja yake inaifaa bia ya moshi kuliko mfano wowote alioutumia mwenyewe. Anayelileta Bamberg kundi la bia baridi ya rangi ya dhahabu huukuta moshi kama kosa. Anayeiweka glasi katika kundi la bia za moshi huuchukulia moshi kuwa sharti la kuingilia, na umakini wake, kama wa mpigaji ngoma aliyekwisha kuzoea mdundo wa msingi, huhamia kwenye yale yanayotofautiana: moshi ni mkavu au mtamu, umeshikana na kimea au umesimama pembeni, uchungu unafika mapema au umechelewa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa hoja hii uko kwenye mvinyo. Mioto ya misitu inapopita karibu na mashamba ya mizabibu, kama ilivyotokea Australia na California, zabibu hunyonya fenoli zilezile, gwayakoli ikiwa mojawapo. Mvinyo wake huitwa mvinyo ulioharibika, na wakati mwingine mavuno mazima hutupwa. Mpishi wa Bamberg huchoma kuni ili apate kile ambacho mkulima wa mizabibu hulipa fedha apimiwe maabara kwa hofu ya kukipata. Hakuna kati yao aliyekosea. Ila haifuati kwamba kila hukumu ni sawa na nyingine. Kinachofuata ni kwamba hukumu ya ladha haikamiliki mpaka kitu kiwe kimewekwa mahali pake. Na mahali hapo hapachaguliwi kiholela. Aliyetengeneza kitu alikusudia kitu fulani, desturi yake ina miaka mingi, na kundi moja huzifunua sifa nyingi za kitu hicho kuliko jingine. Kuihukumu bia ya Spezial kama bia ya dhahabu iliyoungua ni kubaki na neno moja la kusema juu yake.

Lakini uainishaji pekee hauelezi kinachotokea kati ya glasi ya kwanza na ya tatu, kwani mgeni anaweza kuambiwa mapema kabisa kwamba hii ni bia ya moshi, akakubali, na bado asionje kitu kingine ila moshi. Hapa anaingia mwanafalsafa Daniel Dennett, aliyeitumia bia hasa, katika makala ya mwaka 1988, kuishambulia imani kwamba kila ladha ni kitu kamili kilichofungwa ndani ya fahamu ya mtu, ambacho mwenyewe hawezi kukikosea. Mnywaji mzoefu husema amejifunza kuipenda bia. Je, amejifunza kuipenda ladha ileile iliyomchukiza, au bia sasa ina ladha nyingine kwake? Wengi hushika jibu la pili: ingebaki kama siku ya kwanza, wasingeendelea kuinywa. Dennett alionyesha kwamba jibu hilo lina gharama. Likikubaliwa, ladha inavyohisiwa haiwezi kutenganishwa na kupenda na kuchukia kwa anayehisi, na kile kitu kamili kilichofungwa ndani hakipo tena. Mnywaji mwenyewe, akiulizwa ni kipi kilichobadilika, hana njia ya kujichunguza ndani na kujua.

Kwa bia za kawaida mjadala huo huishia hapo. Bia ya moshi huuendeleza, kwa sababu mabadiliko yake yanaweza kugawanywa katika mafungu, na kila fungu lina chanzo chake.

La kwanza ni uchovu wa pua. Pua ikikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa huipunguzia nguvu, ndiyo maana mpishi hausikii moshi wa jiko lake wakati mgeni mlangoni anaanza kukohoa. Fenoli hazijapungua kwenye glasi; kilichopungua ni sauti yake ndani ya mnywaji, na zilizokuwa zimefunikwa zikapata nafasi. Badiliko hili ni la mwili, na hufutika usiku uleule.

La pili ni kujifunza, na halifutiki. Aliyerudi Bamberg baada ya mwezi huanza glasi yake ya kwanza akiwa mbali zaidi ya pale alipoanzia mara ya awali. Pua yake imepumzika, moshi anausikia kwa nguvu zote, lakini hausimami tena peke yake. Anausikia pamoja na kimea kilichoubeba.

La tatu ni kilevi, na uaminifu unadai kisemwe waziwazi. Bia kuu ya Schlenkerla ina asilimia 5.1 ya alkoholi. Glasi tatu za nusu lita zina takriban gramu 60 za alkoholi tupu, na mtu aliyekwisha kunywa kiasi hicho huona mambo mengi kuwa mazuri. Ikiwa utamu wa glasi ya tatu ni ulevi tu, onyo la wenyeji halina thamani yoyote ya kifalsafa. Namna ya kulijaribu dai hilo ni rahisi: mwonjaji huonja kidogo, mikupuo miwili au mitatu kwa siku, kwa siku kadhaa. Waonjaji wanaofanya hivyo hufika mahali palepale, polepole zaidi.

Uthibitisho mwingine uko Afrika Mashariki, na hauna kilevi chochote. Wamasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa kusugua ndani yake kijinga cha moto cha mti wa oloirien, mzeituni wa mwituni. Wakalenjin huyaandaa maziwa ya mursik katika kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet, na Wanyankole wa Uganda hufukiza vyombo vyao vya maziwa kwa nyasi. Mgeni anayepewa maziwa hayo husikia moshi na masizi. Aliyelelewa nayo husikia maziwa, tena anaweza kusema mti gani ulitumika na kama mama aliyeyaandaa alikuwa na mkono mwepesi au mzito. Huo ni ujuzi uliojengwa bila tone la pombe. Basi kilevi kinaweza kuliharakisha badiliko au kulichafua, hakiliumbi.

Likishaondolewa fungu la kilevi, lile swali la mwanzo hupata umbo jipya. Pua iliyochoka na akili iliyojifunza zote mbili huufanya moshi urudi nyuma, lakini ni ya pili tu inayostahili kuitwa ujuzi, kwa kuwa ndiyo inayoongeza kinachotambuliwa bila kupunguza chochote. Glasi ya tatu ya mgeni inampa kionjo cha kile ambacho mzoefu anakipata katika glasi ya kwanza.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliandika mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha. Alichukua kisa kutoka riwaya ya Don Quixote: watu wawili waliitwa kuonja mvinyo, mmoja akasema ni mzuri ila una ladha ya ngozi, mwingine akasema ni mzuri ila una ladha ya chuma. Walichekwa, mpaka pipa lilipomiminwa na chini yake ukakutwa ufunguo wenye kamba ya ngozi. Kwa Hume, mwamuzi wa kweli ni mwenye hisia nyepesi, aliyefanya mazoezi, aliyelinganisha na kujivua upendeleo. Kisa ni kizuri, lakini kinasaidia nusu tu. Ufunguo ulithibitisha kwamba chuma kilikuwemo. Haukuthibitisha kwamba mvinyo ulikuwa mzuri. Tena katika bia ya moshi hali imepinduka. Wepesi wa hisia anaousifu Hume ni wa kukigundua kitu kidogo kilichojificha, lakini moshi kila mtu anaugundua. Kazi ngumu ni kukisikia kimea kilicho chini ya kitu kikubwa kinachopiga kelele, na kazi hiyo hudai subira kuliko ukali wa pua. Wapo watu wenye pua kali sana ambao bia hii huwashinda kwa sababu hiyohiyo.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1790, alikuwa mkali zaidi. Mvinyo wa visiwa vya Canary, alisema, hupendeza au haupendezi, na mwenye busara anapousifu huongeza kwamba unampendeza yeye. Uzuri hudai kukubaliwa na wote. Kipendezacho ulimini hakina dai hilo. Kant yuko sahihi kuhusu kupenda. Hakuna anayeweza kudaiwa aipende bia ya moshi, na anayeionja kwa haki kisha akaikataa hajapungukiwa na kitu. Lakini waonjaji hawaishii kwenye kupenda. Husema kwamba moshi wa bia fulani umesimama mbali na mwili wake, kwamba ukavu unafika kabla utamu haujaisha, kwamba bia ni pana mwanzoni na nyembamba mwishoni. Hukumu hizo hubishaniwa. Mmoja humwonyesha mwenzake, mwenzake huonja tena na kusema sasa ameipata, au anakanusha na kutoa sababu. Mahali ambapo mtu anaweza kuonyeshwa kitu na kukiona, ndipo kilipo kitu cha kuonyeshwa. Kant aliyaweka pamoja mambo mawili ambayo meza moja ya Bamberg huyatenganisha kila jioni.

Kwa hiyo hata utaratibu wa kuonja una hoja ndani yake. Bia isiyo na moshi hutangulia, ili pua ipate kipimo. Ya Spezial, ambayo moshi wake ni mpole, huja kabla ya ile ya Schlenkerla. Bia isiwe ya baridi kali, kwani baridi hufunga harufu na kubakiza uchungu. Hunuswa kwanza, humezwa, kisha pumzi hutolewa taratibu kwa pua, na hapo ndipo moshi hutimia. Chakula husaidia pia: jibini kali au nyama iliyokaushwa kwa moshi huishughulisha pua na moshi wake, na bia hujikuta tamu ghafla. Hakuna ulaghai katika hilo. Kila hatua ni njia ya kukisogeza kitu kimoja ili kingine kionekane.

Linabaki swali la wale wasiokunywa, ambao miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili ni wengi, kwa sababu ya dini au kwa uamuzi wao. Je, wanaweza kuijua ladha hii? Mwanafalsafa Richard Wollheim aliishikilia kanuni kwamba hukumu ya thamani ya kitu cha kuhisiwa haipokelewi kwa masimulizi. Lazima mtu akutane nacho. Karne nyingi kabla yake mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa amelipambanua jambo hilo kwa mfano wa ulevi wenyewe. Tabibu mwenye akili timamu anaujua ulevi kwa maelezo na sababu zake. Mlevi hajui maelezo hayo, bali yumo ndani ya hali yenyewe. Ujuzi wa namna hii ya pili al-Ghazali aliuita kuonja, naye aliuhitaji kueleza kile ambacho Masufi hukifikia na wanazuoni wa vitabu hukikosa. Hakukusudia kwamba mtu alewe ili ajue. Alikusudia kwamba ziko elimu mbili na moja haijazi nafasi ya nyingine. Asiyekunywa anaweza kuijua bia ya moshi kama tabibu: mti, tanuri, fenoli, historia, hata sababu za ugomvi wa waonjaji. Na mwenye kibuyu cha maziwa kilichofukizwa anazo pande zote mbili za elimu hiyo, kwa kinywaji kingine.

Upande wa Wakristo wa Bamberg, mji uliofanywa makao ya askofu tangu mwaka 1007, swali la bia na dini lilikuja kwa mlango wa Kwaresima. Desturi ya kale ya watawa ilihesabu kinywaji kuwa hakivunji mfungo, na Schlenkerla hupika hadi leo bia ya moshi ya msimu huo, nzito na ya rangi ya hudhurungi. Kama bia iliyokusudiwa kumtegemeza mfungaji ina haki ya kumfurahisha pia ni suala ambalo maadili ya mfungo hayajalifunga kabisa. Jibu lenye nguvu zaidi ni kwamba mfungo hudai kiasi, na kiasi na furaha havigombani.

Nadharia ya makundi ina kesi moja ngumu, nayo iko Bamberg penyewe. Schlenkerla hupika pia bia ya dhahabu ambayo kimea chake hakikupitishwa kwenye moshi hata kidogo. Hata hivyo hupikwa katika masufuria yaleyale ya shaba na kuchachushwa kwa hamira iliyokwisha kutumika katika bia za moshi, na hivyo hubeba moshi mwembamba ambao hakuna aliyeutia. Ikiwekwa kati ya bia za moshi ni dhaifu kiasi cha kutotajwa. Ikiwekwa kati ya bia za dhahabu ina doa. Wapishi wanaujua moshi huo, wanauacha na kuutangaza. Kwa kukubali hivyo wameigeuza ajali kuwa kusudi, na kukiumbia kinywaji hicho kundi lake lenyewe, ambamo moshi hafifu ndicho kipimo na bia isiyo nao kabisa ndiyo ingeonekana imepungukiwa.